Rauta Imekufa? Hakikisha Kwanza, Kisha Ununue Nyingine kwa Pesa Kidogo

Mvua ya Aprili iliingia Migosi saa kumi na moja jioni, na radi ya pili au ya tatu ikaondoka na stima. Iliporudi saa mbili usiku taa ziliwaka, friji ikaanza kunguruma, lakini rauta juu ya kabati ikabaki giza. Binti yangu alikuwa na kazi ya chuo ya kutuma kabla ya saa sita usiku. Alinijia na simu mkononi: "Baba, bando imebaki kidogo sana. Waifai itarudi leo?"

Kesho yake asubuhi nilienda mjini nikanunua rauta ya antena nne kwa shilingi 4,500. Jioni, nikiwa naiweka ile ya zamani kwenye boksi, nikasoma karatasi zilizobandikwa kwenye adapta zote mbili. Volti 12 kwa volti 12. Nikaichomeka ya zamani kwa adapta ya mpya, na taa zake zote zikawaka. Rauta ilikuwa nzima. Kilichoungua kilikuwa adapta, kitu cha shilingi mia chache. Nilirudi dukani siku iliyofuata, wakakataa kupokea mali iliyokwisha kufunguliwa.

Shilingi 4,500 ni gesi na nauli ya siku nyingi kwa nyumba ya hapa Kisumu. Tangu siku hiyo nimekaa na majirani wa Migosi, Lolwe na Mamboleo mbele ya rauta zao nyingi, na naandika haya ili mwingine asizipoteze pesa kama mimi.

Hatua ya kwanza: jua ni kisanduku kipi kilichokufa

Nyumba nyingi zenye faiba zina moja kati ya mipango miwili. Katika mpango wa kwanza, uzi wa faiba unaingia kwenye kisanduku kimoja kinachofanya kazi yote, pamoja na kurusha waifai. Katika wa pili kuna visanduku viwili: kimoja kidogo ambacho faiba inaingia, mara nyingi kimeandikwa ONT au ONU, halafu waya wa mtandao unatoka hapo kwenda kwenye rauta yenye antena.

Tofauti hii ni kubwa kwa mfuko wako. Kisanduku kinachopokea faiba husajiliwa kwa namba yake kwenye mitambo ya mtoa huduma. Huwezi kununua kingine barabarani ukakichomeka ukategemea kitafanya kazi. Kama hicho ndicho kilichokufa, kazi yako ni kupiga simu. Unachoweza kununua mwenyewe ni rauta inayokaa nyuma yake.

Sasa angalia taa. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku: uzi umekatika nje, umekunjwa sana nyuma ya kochi, au kichwa chake cha kijani kimelegea. Rauta mpya haitasaidia kitu. Usichungulie ncha ya ule uzi, kwa sababu mwanga wake hauonekani kwa macho lakini upo. Taa ya PON ikiwa imetulia na LOS imezima, upande wa faiba uko sawa, na unaweza kuendelea kuitafuta shida ndani ya nyumba.

Kama hakuna taa yoyote inayowaka, shuku adapta kabla ya kushuku rauta. Jaribu soketi nyingine kwanza. Kisha soma karatasi ya adapta mahali palipoandikwa OUTPUT. Utaona kitu kama 12V 1A, au 9V 0.6A, au 5V. Adapta ya kubadilisha lazima iwe na volti zilezile. Ampea zinaweza kuwa sawa au zaidi, zisiwe chini. Kuna mchoro mdogo pia wa duara na alama za kujumlisha na kutoa. Ulingane na ule ulioko chini ya rauta. Ukichomeka adapta ya volti 12 kwenye rauta ya volti 5 utaiua kwa mkono wako mwenyewe. Na pini nayo iwe ya unene ule ule, isicheze ndani ya tundu.

Kuna adapta inayougua polepole. Rauta inawaka vizuri asubuhi, lakini jioni watoto wakirudi, tivii ikiwashwa na simu nne zikiunganishwa, inajizima na kujiwasha yenyewe. Fundi akipima kwa mita bila mzigo ataona volti 12 safi, kisha rauta ikianza kufanya kazi zinashuka. Jaribio la kweli ni kuazima adapta ya jirani yenye namba zilezile na kukaa nayo jioni moja.

Dalili za rauta iliyokufa kweli ni nyingine. Radi mara nyingi hupita kwenye waya wa mtandao na kuchoma peke yake tundu la WAN, lile linalopokea mtandao kutoka nje. Hapo utaona jina la waifai kwenye simu, simu itaunganishwa, lakini taa ya WAN haiwaki hata ukibadilisha waya. Badilisha waya kweli, usiuangalie tu kwa macho; kichwa cha plastiki kilichovunjika ulimi hupotosha watu wengi.

Jirani mmoja wa upande wa Dunga aliniletea rauta iliyokuwa ikinuka. Niliifungua kwa bisibisi. Mjusi kafiri alikuwa amekauka juu ya ubao wa kijani, mkia wake umegusa miguu miwili ya kipande cha umeme, na pembeni kulikuwa na vumbi la wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaojaa taa za veranda usiku. Joto la rauta huwaita wote hao. Rauta ya namna hiyo haiponi kwa kuifuta, nunua nyingine na uipandishe mbali na dirisha.

Jambo moja kabla ya kubonyeza kile kitundu cha kurudisha rauta kwenye hali ya kiwandani: ukishikilia sindano pale kwa sekunde kumi, kila kitu kinafutika, pamoja na jina na nenosiri ambalo mtoa huduma alikupa la kuingilia mtandaoni. Usibonyeze kama huna maelezo hayo.

Hatua ya pili: piga simu kabla ya kutoa pesa

Simu hii imewaokoa watu wengi niliokaa nao. Uliza kama kisanduku ni mali yao, maana kama ni chao huenda wakakibadilisha bila malipo. Uliza kama mtandao wako unaingia kwa jina na nenosiri, yaani PPPoE, au rauta hujipatia namba yake ya mtandao yenyewe. Uliza kama kuna namba ya VLAN ya kuweka, ile inayotambulisha njia ya mtandao wao. Uliza pia kama wameifunga akaunti yako kwa namba ya MAC ya rauta ya zamani, yaani namba yake ya kipekee ya utambulisho, kwa sababu wakiwa wameifunga, mpya itakataa hadi waibadilishe kwao. Andika majibu kwenye daftari, usitegemee kumbukumbu.

Mwisho uliza kasi ya kifurushi chako kwa megabiti. Namba hiyo ndiyo itakayoamua ununue nini.

Hatua ya tatu: ipime nyumba, uipime na kasi

Filamu ya picha safi ya HD hula kama megabiti 5 kwa sekunde. Nyumba ya watu wanne yenye kifurushi cha megabiti 20 haihitaji rauta ya kifalme. Hata zile za bei ya chini kabisa, zilizoandikwa N300, zinaweza kupitisha megabiti 20 bila jasho mkiwa chumba kimoja.

Shida iko hewani. Rauta za N300 hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, na masafa hayo yana njia tatu tu zisizogongana: ya 1, ya 6 na ya 11. Nenda kwenye ghorofa za kupangisha za Kondele au Nyalenda, washa programu ya kupima waifai kwenye simu, uhesabu majina. Kila nyumba ina rauta yake, na zote zinasukumana kwenye njia tatu. Mtu analaumu mtoa huduma wake kila jioni, kumbe kifurushi kiko sawa na kelele ni za majirani. Kwa ploti kama hizo, rauta yenye masafa mawili, 2.4 na 5, ndiyo inayofaa. Masafa ya 5 yana njia nyingi zaidi na hayapenyi kuta vizuri, na huko kutopenya ndiko faida yako, kwa sababu ya jirani nayo haikufikii.

Nyumba ya peke yake ni hesabu nyingine. Ndugu yangu anaishi Kiamunyi, Nakuru, kwenye nyumba ya mawe ya vyumba vitatu. Masafa ya 5 yanafia kwenye ukuta wa pili. Kule 2.4 ndiyo inayofika jikoni, na haina msongamano kwa vile majirani wako mbali. Mabati ni mabaya kuliko mawe, maana yanayarudisha mawimbi yalikotoka. Kama una chumba cha nje kilichozungushiwa mabati, hakuna rauta ya bei nafuu itakayoingia humo. Vuta waya.

Hatua ya nne: kusoma boksi bila kudanganyika

Hapa ndipo pesa zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Namba kubwa iliyo mbele ya boksi ni jumla ya mambo mawili ambayo kifaa chako hakitumii kwa pamoja. AC1200 maana yake ni megabiti 300 kwenye masafa ya 2.4 na megabiti 867 kwenye masafa ya 5. Simu yako itashika upande mmoja. Na hata upande huo, ni kasi ya kwenye karatasi. Nyumbani tarajia nusu yake au chini.

Geuza boksi utazame nyuma, palipoandikwa matundu. Ukiona 10/100, kila tundu linapitisha megabiti 100 tu, na kwa kweli ni kama 94. Ukiona 10/100/1000 au neno Gigabit, ni mara kumi ya hapo. Rauta nyingi zilizoandikwa AC1200 zina matundu ya 10/100: hewani zinajisifu kwa 867, mlangoni zinapokea 100. Archer C50 na C54 za TP-Link ziko hivyo, na Archer C6 ina matundu ya Gigabit. Mercusys AC12 ni ya 10/100, na AC12G, kwa herufi moja tu ya ziada, ni ya Gigabit. Kama kifurushi chako ni cha megabiti 10, 20 au 40, chukua ya 10/100 kwa amani, usiongeze hata shilingi. Kama ni cha 100 au unafikiria kupanda, lipia Gigabit.

Antena zisikutishe wala zisikuvutie. Nguvu ya kurusha ina kikomo cha kisheria, iwe rauta ina antena mbili au sita. Zaidi ya hapo, mazungumzo ni ya pande mbili: rauta inaweza kupiga kelele hadi barabarani, lakini simu yako ina antena ndogo na haiwezi kujibu kutoka huko. Ndiyo maana unaona mistari yote mitatu ya waifai na bado ukurasa haufunguki.

Vizazi vya waifai ni rahisi kukumbuka: N ni Wi-Fi 4, AC ni Wi-Fi 5, AX ni Wi-Fi 6. Kwa nyumba ya simu na tivii moja, Wi-Fi 5 inatosha mwaka huu na mingine kadhaa ijayo. Wi-Fi 6 ina maana pale vifaa vinapokuwa vingi, tuseme kumi na tano na kuendelea, na vyenyewe viwe vinaielewa. Tafuta usalama wa WPA2 kama kiwango cha chini kabisa, WPA3 ikiwapo ni bora.

Tazama pia namba ya toleo kwenye karatasi iliyo chini ya rauta, iliyoandikwa V1, V2 na kuendelea. Jina moja la rauta linaweza kuwa na matoleo mengi yenye vipande tofauti ndani. Toleo la zamani sana huenda halipati tena marekebisho ya usalama kutoka kiwandani.

Kwa bei, mimi hugawanya hivi. Kama elfu mbili hadi tatu, N300, kwa nyumba isiyo na majirani wa waifai na kifurushi kidogo. Karibu elfu nne hadi tano, AC1200 ya matundu 10/100, na hii ndiyo ninayowaambia watu wengi wa Kisumu wanunue. Ukiongeza elfu moja au mbili unaingia kwenye Gigabit. MikroTik hAP lite ni kifaa kizuri kwa fundi anayeuza hotspoti, lakini usimnunulie mama yako kama hakuna mtu wa kumpangia.

Hatua ya tano: dukani

Maduka ya Oginga Odinga Street yana aina nyingi, na bei hutofautiana kwa mia kadhaa kutoka mlango hadi mlango, kwa hiyo tembelea maduka matatu kabla ya kuamua. Omba boksi lifunguliwe mbele yako na rauta ichomekwe. Mwenye duka mwema hatakataa. Mimi humwambia, "Bosi, niwashie nione taa, halafu nikutumie pesa," na mara nyingi anachukua ekstensheni bila neno. Lipa kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki, na bado udai risiti iliyoandikwa jina la rauta, namba yake na muda wa waranti. Uliza, kabla ya kulipa, kama utarudishiwa pesa au utabadilishiwa ikishindikana. Swali hilo nililisahau mimi.

Za mitumba zichunguze mara mbili. Visanduku vya faiba vinavyouzwa barabarani kwa mia tano vilikuwa vya watoa huduma; vimefungwa na havitasajiliwa kwenye akaunti yako. Rauta iliyotoka Marekani huenda ikaja na adapta ya volti 120 peke yake, na stima yetu ni 240. Soma palipoandikwa INPUT: 100-240V ndiyo unayotaka.

Ukiwa unatumia laini ya simu badala ya faiba, hakikisha rauta haijafungwa kwa mtandao mmoja, na bendi zake, yaani masafa ya mtandao wa simu, ziwe na za hapa, kama bendi ya 3 na ya 20; kwa laini ya simu ya kampuni iitwayo Faiba, bendi ya 28. Peleka laini yako mwenyewe dukani, uiweke, ufungue ukurasa mmoja papo hapo.

Hatua ya sita: kuifunga

Iweke katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Isikae nyuma ya tivii, juu ya friji wala ndani ya kabati. Antena zisimame wima kama nyumba ni ya sakafu moja. Za ghorofa, laza moja.

Chomeka waya kutoka kisanduku cha faiba kwenye tundu la WAN, mara nyingi lina rangi tofauti. Unganisha simu kwa jina lililoandikwa chini ya rauta, fungua kivinjari, andika 192.168.0.1 au 192.168.1.1 kama ilivyo kwenye karatasi hiyo. Badilisha nenosiri la msimamizi papo hapo. Jaza maelezo ya PPPoE uliyoandika kwenye daftari, herufi kubwa na ndogo vilevile.

Halafu fanya hili: ipe waifai mpya jina lilelile na nenosiri lilelile la zamani. Simu zote, tivii na laputopu ya kazini zitaungana zenyewe bila mtu kuulizwa. Kama nenosiri la zamani lilijulikana hadi na wapangaji waliohama, basi chukua nafasi hii kulibadilisha.

Zima WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika nenosiri. Tafuta marekebisho mapya ya programu ya rauta na uyaweke kabla ya kumaliza, na wakati huo mtu asiguse soketi. Kwenye 2.4 chagua njia ya 1, 6 au 11, ile ambayo programu ya simu inaonyesha ina majirani wachache. Na kama kisanduku cha faiba nacho kinarusha waifai, zima waifai yake tu, isigombane na rauta mpya.

Hatua ya saba: ilinde kabla ya mvua ijayo

Ukanda huu wa ziwa hadi Kakamega, Kisii na Kericho una radi nyingi sana. Kifaa cha kulinda tivii, kile kinachokata na kusubiri dakika chache stima ikirudi, husaidia dhidi ya mshtuko wa umeme unaorudi kwa nguvu. Dhidi ya radi yenyewe, dawa ni kuchomoa. Chomoa adapta kwenye soketi na uchomoe pia waya wa mtandao kutoka tundu la WAN. Wengi huchomoa kimoja wakaacha kingine, na radi inapita huko. Usichomoe radi ikiwa tayari juu ya nyumba. Chomoa mawingu yanapojikusanya upande wa ziwa.

Betri ndogo ya rauta, yenye matundu ya volti 5, 9 na 12, ni ununuzi ninaoupenda kuliko rauta ghali. Stima ikipotea, faiba mara nyingi huwa bado hai, na betri hiyo inakupa saa kadhaa za kazi. Kumbuka kisanduku cha faiba na rauta vyote viwili vinahitaji moto, kwa hiyo nunua yenye matundu ya kutosha.

Ile rauta yangu ya zamani nayo haikutupwa. Niliinunulia adapta, nikazima DHCP ndani yake, yaani kazi ya kuvigawia vifaa namba za mtandao, nikaipa namba 192.168.0.2 isigongane na ile mpya, kisha nikavuta waya wa mita 15 kutoka tundu la LAN (la kutolea mtandao ndani ya nyumba) la mpya hadi tundu la LAN la zamani, chumbani mwa binti. Kwenye rauta nyingine kazi hiyo yote hufanywa kwa kuchagua hali iliyoandikwa Access Point. Waya uwe wa Cat5e. Ilichukua kama nusu saa, na kona ile ambayo antena nne zilishindwa kuifikia sasa inapata mtandao wote wa kifurushi.